Stimpanki: Pamba Zinazotunza Mazingira au Geresha Tu?

Kofia ndefu, koti la enzi za Malkia Victoria, koseti ya ngozi, miwani kama ya mchomelea mageti, na vigurudumu vya saa kila mahali. Hiyo ndiyo stimpanki. Jina lilibuniwa mwaka 1987 na mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, akizungumzia hadithi za mashine za mvuke. Siku hizi ni fasheni kamili, na huko Lincoln, Uingereza, tamasha lake lilianza 2009.

Mashabiki husema ni mtindo rafiki wa mazingira. Mimi nasema inategemea, mpenzi msomaji.

Moshi hausemwi

Mvuke wa karne ya 19 ulichemshwa kwa makaa ya mawe. London bado walikuwa wakiyachoma Desemba 1952, moshi ulipofunika jiji kwa siku tano na kuua maelfu ya watu. Kwa hiyo tusidanganyane: enzi hizo zinapendeza kwenye picha, siyo kwenye mapafu.

Uzuri wake

Hata hivyo, stimpanki yenyewe hasa huanza na kitu kilichochoka. Mmarekani anayejiita Jake von Slatt alichukua kibodi ya zamani ya IBM, akaivisha shaba, ikarudi kazini ikiwa bab kubwa. Na sanaa ya kuokota siyo ya Wazungu tu. Cyrus Kabiru wa Nairobi anaunda miwani ya ajabu kwa vitu vilivyotupwa, hata kama mwenyewe haiiti stimpanki.

Balaa linapoanzia

Balaa ni pale mtu anapoagiza seti mpya nzima mtandaoni: vigurudumu vya plastiki vyenye rangi ya dhahabu, ngozi feki, vyote visafirishwe kwa ndege kwa ajili ya pati ya usiku mmoja. Hapo hujatunza chochote, umenunua takataka kwa bei mbaya.

Mnataka kujaribu?

Basi Jumamosi moja ingieni mitumbani pamoja. Tafuteni koti na kisibau, mpelekeeni fundi cherehani abane kiuno. Mwombeni fundi saa mabaki ya saa zisizotengenezeka. Shoneni badala ya kugandisha kwa gundi, ili siku nyingine mviondoe.

Kisha, kabla hamjalipa, muulize mwenzako swali moja tu: "Hili koti utalivaa tena?" Akisita, rudisheni.