Maji Hayafuati Ratiba ya Hoteli

"Safari ya mtoni mnaondoka saa ngapi asubuhi?" Swali hili huulizwa na mgeni wa Nairobi aliyeshuka treni jana, huulizwa na Mjerumani anayerudi Diani kila mwaka, na, la kusikitisha zaidi, huulizwa na wafanyakazi wa hoteli waliozaliwa Ukunda, watoto wa wavuvi. Hakuna anayeuliza kama safari yenyewe ni ya asubuhi. Hilo wamekwisha kulikata: safari nzuri ni ya asubuhi, watu wameshakunywa chai, saa mbili kamili gari liko mlangoni. Kilichobaki kwangu ni kutaja dakika.

Kazi yangu ni kufundisha waongozaji wa wageni na manahodha wa vyombo vidogo hapa Kwale, na jibu langu huwa ni hilo hilo: mwezi una siku ngapi? Watu hudhani natania.

Safari ya mto inayouzwa Diani na Msambweni mara nyingi ni ile ya Ramisi: gari hadi Bodo, mashua kupita kisiwa cha Funzi, kisha kuingia mlango wa mto katikati ya mikoko kutafuta mamba na ndege. Wengine hupelekwa Mwachema, ule mto wa Kongo unaotenganisha Diani na Tiwi, penye msikiti wa kale na mibuyu. Huko kote, maji yanayobeba chombo chako ni bahari iliyopanda nchi kavu. Hupanda mara mbili na kushuka mara mbili kwa siku, na ikishuka huacha tope.

Mwulize msafiri anachokithamini katika safari kama hii. Atataja bei, ukubwa wa mashua, kivuli, chakula cha mchana Funzi, na uhakika wa kumwona mamba. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Lakini mashua kubwa iliyokwama haifai kitu mbele ya mtumbwi unaoelea, na samaki wa kupaka haliwi kwa raha na mtu aliyeshinda juani akingoja maji yarudi.

Sasa hiyo imani ya asubuhi. Ni vigumu kuiua kwa sababu nusu yake ni kweli. Asubuhi jua halijawa kali, ndege wako kazini, na majira ya kusi upepo wa alasiri huichafua ghuba ya Funzi mpaka watu wazima wakatapika. Kwa hiyo anayesema asubuhi bahari imetulia, hajadanganya. Kosa lake ni kudhani kwamba bahari iliyotulia ni lazima iwe pale anapoitaka.

Hesabu ni hii. Katika pwani yetu bamvua hufika siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na tena siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Siku hizo maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa mwendo wa saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa pale Kilindini hupita mita 3. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na mambo hugeuka: maji hujaa mwendo wa saa nne asubuhi na kupwa alasiri, na tofauti yake ni mita moja na kidogo tu. Katikati ya hapo, kila siku maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kuliko jana yake.

Weka sasa gari la hoteli ndani ya hesabu hiyo. Siku ya bamvua mmeondoka Diani saa mbili, mmewapitia wageni wa hoteli nyingine njiani, mmefika Bodo saa tatu na nusu. Mnayakuta maji yanamalizia kutoka. Mashua iko mbali, na mnavua viatu kuifuata topeni. Mlango wa Ramisi umebaki mkondo mwembamba kati ya mafungu. Nahodha atawazungusha nje nje ya Funzi, atawashusha kwenye fungu la mchanga mpige picha, kisha awaambie leo mamba hawapo. Wapo. Ninyi ndio hamkufika.

Siku ya maji mafu, gari ni lile lile, saa ni ile ile, nahodha ni yule yule. Mnafika maji yakijaa, mnaingia mtoni mkielea, mnarudi mkisifu. Kisha mgeni mmoja anawaambia jamaa zake kwamba kampuni ile ni nzuri sana, mwingine anawaambia wake kwamba ni matapeli, na wote wawili wameuhukumu mwezi.

Hapo nimezungumzia kukosa tu. Kukwama ni habari nyingine. Maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Ukiyagawa mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza baada ya kujaa huondoka fungu moja, saa ya pili mawili, saa ya tatu matatu, na saa ya nne matatu tena. Kwa hiyo siku ya bamvua, katika saa hizo mbili za katikati, mto hupungua karibu mita moja na nusu. Mashua iliyokuwa inaelea vizuri wakati mnafungua vikapu vya chakula itakaa chini kabla hamjanawa mikono. Mkigusa chini maji yakiwa yanajaa, hakuna shida: nahodha atachukua upondo, mtangoja dakika chache, chombo kitaelea chenyewe. Mkigusa katikati ya maji kutoka, mmepwelewa. Zimebaki saa tatu za kushuka, na saa tatu nyingine za kupanda hadi yarudi mlipokuwa. Ni saa sita ndani ya mikoko, na mbu wa magharibi hawana habari kwamba mlilipa.

Hapa ndipo watetezi wa saa mbili husimama. "Nahodha wetu ni mzoefu." Uzoefu wa nahodha haupunguzi hata inchi moja ya kina kinachohitajiwa na chombo chake. Nahodha mzoefu ndiye anayekataa kuondoka. Anayeitikia kila saa anayopangiwa na meza ya mapokezi, mimi sipandi naye. "Injini yetu ina nguvu, itapita." Injini hizi zinazofungwa nyuma ya mashua hujipoza kwa maji zinayoyavuta kutoka chini. Isukume kwenye tope ivute tope, njia ya maji izibe, ichemke, izime. Ziwe nguvu za farasi 40 au 75, tofauti ni kwamba yenye nguvu zaidi itawachimbia mbali zaidi kabla ya kuzima.

Halafu kuna wa simu. Huyu hunionyesha kioo chake kwa ushindi: leo maji ni mita 3.4, mbona wasema hayatoshi? Kwanza, hicho ni kimo cha maji yakijaa kabisa, si cha saa mbili asubuhi. Pili, kinapimwa kutoka kiwango kilichowekwa cha bandari ya Kilindini, hakipimwi kutoka tope la Ramisi. Tatu, ndani ya mto maji huchelewa kujaa kuliko baharini, kwa kuwa yanapanda kona kwa kona huku yakisugua mizizi na mafungu. Jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari ya Kenya ni kazi nzuri, nami hulitumia, lakini limeandikiwa meli za Kilindini. Ramisi ina watu wake wanaoijua. Wako Bodo na Funzi, na simu wanapokea.

Nadhani tabia hii ya kuupangia mto saa tumeiletewa kutoka mito isiyo na bahari ndani yake. Aliyepanda mashua Paraa kwenda kutazama maporomoko ya Murchison, au aliyezunguka mfereji wa Kazinga akihesabu viboko, aliondoka kwa saa ya ukutani na hakupata tatizo. Nile ya Misri kati ya Luxor na Aswan ina bwawa kubwa juu yake tangu 1970, na wahandisi ndio wanaoamua maji yapite kiasi gani. Huko ratiba inawezekana. Hata hivyo msidhani wakubwa hawakwami. Agosti 2022 mto Rhine ulikauka hata kipimo cha maji pale Kaub, Ujerumani, kikashuka chini ya sentimita 40, na kuna wageni waliolipia vyumba vya melini vyenye roshani waliojikuta wakimalizia sehemu ya safari kwa basi. Nao, walipokuwa wakichagua, waliuliza habari za roshani.

Hoteli nazo zina sababu zao za kuipenda saa mbili. Vyumba visafishwe, chakula cha mchana kihesabiwe, dereva awahi ndege ya alasiri pale uwanja wa Ukunda. Sababu hizo ni za maana, ila hakuna hata moja inayohusu mto.

Safari inayostahili pesa yako huingia na maji na kutoka na maji. Unaingia mlango wa mto katika saa mbili za mwisho za kujaa, unapanda mtoni injini ikiwa chini, unageuka maji yakisimama, unashuka nayo yakianza kutoka. Wakati wa kupanda uko juu, karibu na majani, vijito vya ndani vimefunguka, na mwongozaji anayejua kazi atakutenganishia mkoko, mchu, mlilana na mkandaa bila kusoma kijitabu. Wakati wa kushuka, kingo zinaanza kuchomoza: yangeyange wanatua, kaa wanatoka mashimoni, na mamba, ambaye siku nzima watu walikuwa wakimtafuta majini, anapanda topeni kuota jua. Kuna wanaoniambia mamba hakai kwenye maji ya chumvi. Mamba wa Ramisi hawajaambiwa. Msitie mikono nje.

Mkitaka niwachagulie siku: tafuteni zile siku mbili tatu baada ya maji mafu, maji yanapojaa mwendo wa saa sita au saba mchana. Mnaondoka Diani mmekula, mnaingia mtoni kabla ya adhuhuri, na majira ya kusi mnarudi ghubani kabla upepo haujapamba moto. Siku za bamvua nendeni alasiri, mwingie saa nane, saa kumi na moja na nusu muwe mmeshatoka, kwa sababu giza la mikoko huwahi. Siku zenyewe za maji mafu asubuhi inafaa, nawapa, lakini maji hayapandi sana, basi vijito vya ndani visahauni, bakieni mto mkubwa.

Mengine kwa haraka. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe, na lisiwekwe chini ya benchi "kwa kuwa huku ni mtoni tu". Novemba 2018 mashua ya starehe ilizama Ziwa Victoria karibu na ufuo wa Mukono, Uganda, wakafa watu zaidi ya 30. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi na haikuwa na kibali, na wengi waliokuwemo hawakuvaa jaketi. Watoto wapewe jaketi za kimo chao. Ombeni kuona cheti cha ukaguzi cha mamlaka ya bahari, KMA, na leseni ya nahodha. Mwenye navyo haoni haya kuvitoa. Swali la choo, ambalo wageni huona aibu kuliuliza, ndilo la akili kuliko yote: mashua ndogo hazina, basi lijibiwe kabla ya Bodo. Watu wanane na mwongozaji mmoja ni wa kutosha. Muziki ubaki hotelini. Bei ya bichi boi ikiwa nusu ya bei ya wengine, ulizeni nusu gani imetolewa.

Mwenye saa mbili tu aende Mwachema kwa mtumbwi, maji yakijaa, akatazame na msikiti wa Kongo. Anayevuka mlango wa mto ule kwa miguu kwenda Tiwi avuke maji yamepwa na arudi kabla hayajapanda. Kila msimu kuna wanaobaki ng'ambo wakipunga mikono. Mzee mwenye magoti mabovu, au mama mwenye mtoto mchanga, aende Gazi kwenye njia ya mbao ya kina mama, anayoweza kuipita maji yakiwa yamejaa au yamepwa, na papo hapo aulize habari za Mikoko Pamoja, mradi ambao tangu 2013 unakiletea kijiji pesa za hewa ya kaboni. Mwenye siku nzima na gari lake afike Vanga, kwenye mikoko ya mto Umba unaoshuka kutoka Usambara. Shimoni na Wasini ni bahari, mambo yake ni mengine, na anayewauzia Kisite kwa jina la safari ya mto anawadanganya.

Aprili na Mei, masika yakishika, msiende. Ramisi hushuka mwekundu na magogo, mamba hawaonekani, na hakuna jedwali la maji litakalowasaidia. Pesa hizo kaleni samaki Msambweni.