Kuwinda Ndege kwa Ajili ya Watoto Wagonjwa: Halali Yake na Mipaka Yake

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Swahaba zake.

Imetufikia barua kutoka kwa familia moja ya hapa Unguja. Ndugu yao anafanya kazi Marekani. Kila mwaka wafanyakazi wenzake hufanya siku ya kuwinda ndege: kila mwindaji hulipa kiingilio, aliyeangusha ndege wengi hupewa zawadi, jioni huuzwa tiketi za bahati nasibu, na fedha zinazopatikana hupelekwa kwa watoto wenye maradhi makubwa. Mwaka huu wamemwalika. Anauliza kama inafaa kushiriki na kula nyama ile. Vijana wa huku nyumbani nao waliposikia wakapendezwa, wakataka kufanya kama hayo ili kumsaidia mtoto wa jirani anayehitaji matibabu nje ya kisiwa.

Tumeona tulijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu swali hili lina mambo manne ndani yake: kuwinda kwenyewe, nyama, fedha, na yule mtoto. Kila moja lina hukumu yake, na nia njema katika moja haiwezi kulihalalisha jengine.

Kuwinda kwenyewe

Asili ya kuwinda ni halali. Qur'ani imeruhusu kuwinda katika Suratul Maida, aya ya 2 na ya 4, na ikakataza kwa aliye katika ihramu. Swahaba walikuwa wakiwinda, na baadhi yao, kama Adiyy bin Hatim na Abu Tha'laba al-Khushani (R.A.), ndio waliomuuliza Mtume (S.A.W.) masuala ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa mlango wa uwindaji katika fiqhi.

Lakini halali hiyo ina mpaka. Amepokea Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kufanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Na amepokea vilevile kwamba Ibn Umar (R.A.) aliwapita vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakawa wanampiga mishale, na kila mshale uliokosa wakampa mwenye ndege. Walipomuona wakatawanyika, naye akawalaani wenye kufanya hivyo. Zingatia kisa hiki. Kulikuwa na ndege, kulikuwa na mchezo, na kulikuwa na malipo. Mwenye ndege pengine alikuwa maskini aliyefaidika kwa mishale ile. Faida hiyo haikuubadilisha mchezo ule.

Imam Nasai naye amepokea hadithi kuwa atakayemuua ndege mdogo au zaidi yake bila ya haki yake ataulizwa na Allah. Na haki yake ikaelezwa: achinjwe aliwe, asikatwe kichwa akatupwa.

Hapa nitakiri langu. Nilipokuwa mdogo, nikitoka chuoni, nilikuwa na manati shingoni. Siku moja nilimuangusha chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, nikampeleka kwa fahari mbele ya maalimu wetu. Hakunipiga. Aliniuliza tu, "Utamla?" Mkononi alikuwa hajai hata kiganja. Nikanyamaza. Akaniambia nikamzike, na kesho yake nije niseme nimemuua kwa haki gani. Sikuwa na jawabu kesho yake, na sina leo.

Basi kipimo cha kwanza ni hicho: ndege anayewindwa ni wa kuliwa, na ataliwa kweli. Wakiangushwa ndege hamsini kwa ajili ya zawadi, kumi wakapikwa na arubaini wakaachwa kichakani, haya si mawindo, ni israfu na mateso. Na zawadi ya "aliyeua wengi" ndiyo inayowapeleka watu huko, kwa sababu mtu haangalii tena chungu chake kinataka nini, anaangalia mwenzake amefikisha wangapi.

Nyama yake

Ndege mwenye kucha za kuwindia, kama mwewe na kipanga, haliwi. Hilo limethibiti katika Sahihi Muslim. Kunguru wetu huyu, aliyeletwa kutoka Bara Hindi zaidi ya miaka mia iliyopita na akawa balaa kwa vifaranga na mayai ya ndege wengine, amehesabiwa katika hadithi miongoni mwa viumbe wanaoruhusiwa kuuliwa kwa madhara yao, lakini si chakula, na hata yeye hateswi. Kanga, kororo, kwale, tetere na pugi ni halali kwa asili yao.

Ama namna ya kuua, msingi ni hadithi ya Adiyy bin Hatim katika Bukhari na Muslim: kilichochomwa kwa ncha huliwa, na kilichopigwa kwa ubavu wa silaha kikafa kwa uzito wake hakiliwi, kwani hicho ndicho kilichotajwa katika aya ya 3 ya Suratul Maida, mnyama aliyekufa kwa kipigo. Kwa hivyo:

1. Ndege aliyeuliwa kwa jiwe la manati ni nyamafu, isipokuwa akidirikiwa angali hai, uhai wa kweli, akachinjwa. Vivyo hivyo aliyenaswa kwa ulimbo au tego: achinjwe, na asiachwe juu ya kijiti anapapatika juani mpaka mtegaji amalize shughuli zake.

2. Bunduki ya marisawa ina khilafu. Vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii vimekuwa vikali katika risasi. Imam Shawkani wa Yemen na wanavyuoni wengi wa zama hizi wamehalalisha, kwa kuwa risasi hutoboa. Anayefuata kauli hiyo hatumlaumu, lakini ndege akipatikana hai ni lazima achinjwe. Na Bismillahi isemwe wakati wa kufyatua. Kwetu Mashafii ni sunna, kwa wanavyuoni walio wengi ni sharti, na hakuna sababu ya Muislamu kuiacha.

3. Ndege aliyeangukia majini akakutwa amekufa asiliwe. Mtume (S.A.W.) alimueleza Adiyy kuwa hajui ni maji yaliyomuua au ni mshale.

4. Wenzetu wa kule hutumia mbwa kuokota mawindo. Mahali alipouma mbwa, kwa madhehebu yetu, paoshwe mara saba, moja kwa udongo.

5. Waliopigwa na Mkristo au Myahudi, wanavyuoni walio wengi wamehalalisha mawindo yao kwa aya ya 5 ya Suratul Maida. Asiyekuwa na dini hiyo wala hii, mawindo yake hayaliwi. Kwa kuwa jioni ndege wote hutiwa pamoja na hajulikani nani kampiga nani, ndugu yetu ale aliowapiga mwenyewe, awaache wengine.

Liko jambo moja zaidi. Katika nchi za Magharibi, mara nyingi ndege hawa hufugwa mabandani, wakaachiwa porini karibu na siku ya kuwinda. Ikiwa ameshakuwa wa porini, hashikiki, hukumu yake ni ya mawindo. Ikiwa ametolewa kitunduni asubuhi ile, hata kuruka hajui vizuri, na mtu angeweza kumkamata kwa mkono, basi huyo halali yake ni kisu, si bunduki. Na kumfuga ndege kwa ajili ya kumuachia apigwe ni kuukurubia ule mchezo wa vijana wa Kikureshi.

Fedha zake

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa sababu jina la mtoto mgonjwa hufunika kila kitu.

Kiingilio kikiwa ni sadaka, mtu ametoa na hasubiri kitu, hakina ubaya. Kikiwa ni ujira wa kuongozwa porini au kutumia ardhi ya mtu, nacho ni sawa. Lakini kisiwe bei ya ndege ambao huenda akawapata, huenda akawakosa. Ndege wa angani ni mfano maarufu wa mafakihi katika biashara ya gharari.

Zawadi ikitolewa kutoka katika viingilio vya washindani wenyewe, wote wakatoa na mmoja akachukua, hiyo ni kamari. Tiketi za bahati nasibu nazo ni kamari, na aya ya 90 ya Suratul Maida haikuacha mlango. Wapo wanaosema, "Lakini Sheikh, fedha zinakwenda kwa wagonjwa." Tunawajibu kwa hadithi ya Muslim, kwamba Allah ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Kamari haisafishiki kwa kupitishwa hospitali.

Kwa ndugu yetu aliyeko Marekani: atoe kiingilio chake kama sadaka, awinde kwa masharti tuliyoyataja, asinunue tiketi, na asiingie katika shindano la idadi. Kama haiwezekani kushiriki kimoja bila ya chengine, basi atoe fedha yake, abaki nyumbani. Wenzake hawatapungukiwa na kitu, na watoto hawatakosa chao.

Huku kwetu visiwani

Vijana wetu wanaotaka kuiga, tunawashauri wasifanye. Sababu si kwamba kuwinda ni haramu. Kwanza, misitu na viumbe vyake vina sheria, ikiwemo ile ya mwaka 1996, na silaha zina vibali vyake. Kuwatii wenye mamlaka katika jambo la maslahi ni wajibu. Pili, visiwa vyetu ni vidogo. Ninga wa Pemba hapatikani popote duniani ila Pemba na visiwa vinavyoizunguka. Siku moja ya watu mia kichakani inaweza kumaliza kilichokua kwa miaka, na ikiwa ni msimu wa viota, makinda hufa kwa njaa. Katika Sunan Abi Daud, Mtume (S.A.W.) alimuona ndege akihangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, akaamrisha arudishiwe. Aliyesikitika kwa kinda la ndege ndiye aliyetufundisha kumsikitikia mtoto wa jirani. Huruma hizi mbili hazigombani.

Zipo njia nyingi za kukusanya: kuchinja kuku na kuuza pilau, kupiga shabaha ya ubao badala ya roho, resi za ngalawa ambazo zawadi yake imetolewa na mfadhili asiyeshindana. Na ipo sadaka isiyohitaji hata mfuko. Watoto wenye selimundu na wenye saratani mara nyingi huhitaji damu. Kijana mwenye afya anayetaka kuamka alfajiri kwenda kuwinda, na aamke alfajiri hiyohiyo aende kuchangia damu.

Mtoto mwenyewe

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo lililo zito zaidi kwangu. Mama mmoja aliwahi kunijia baada ya sala ya Alasiri. Mwanawe aliumwa, watu wakamchangia, picha yake akiwa hana nguo, tumbo limevimba, ikazunguka katika simu za watu. Alhamdulillahi mtoto akapona. Amerudi skuli, na wenzake humuita kwa jina la maradhi yake. Mama akaniuliza, "Sheikh, nikiwaambia wafute picha nitakuwa nimekufuru neema?" Nikamwambia hapana, wao ndio walioiudhi sadaka yao. Aya ya 264 ya Suratul Baqara imekataza kubatilisha sadaka kwa masimbulizi na maudhi.

Kwa hivyo anayekusanya aombe idhini ya wazazi, aifiche sura ya mtoto, aandike kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, na fedha zikizidi awarejee waliotoa au azipeleke kwa mgonjwa mwengine kama walivyoridhia. Hiyo ni amana, na ataulizwa.

Tunamalizia kwa kisa kilichomo ndani ya Bukhari na Muslim. Mdogo wake Anas bin Malik, aitwaye Abu Umair, alikuwa na ndege wake mdogo akimchezea, ndege akafa. Mtume (S.A.W.), pamoja na mambo yote ya umma yaliyokuwa juu yake, alikuwa akimuulizia mtoto yule habari za ndege wake, kumliwaza. Hakukuwa na fedha pale wala mkusanyiko wa watu. Tukimaliza kuchanga, tusisahau kwenda kukaa kitandani kwa mtoto na kumuuliza habari zake.

Allah awaponye watoto wetu wagonjwa na wa wenzetu wote, awape subira wazazi wao, na atutakabalie tunachokitoa kwa halali. Amin. Wallahu a'lam.