Vipimo vya Damu vya Kongosho: Majibu Yanasema Nini, na Hayasemi Nini

Mfano mmoja unatosha kueleza tatizo. Mwanamume wa miaka 56 anaingia kliniki akiwa na karatasi ya maabara mkononi. Kwa miezi minne nguo zimekuwa zikimpwaya. Maumivu ya chembe cha moyo humpenya hadi mgongoni, hasa usiku. Ametumia dawa za vidonda vya tumbo mara tatu bila nafuu, na mwezi uliopita ameambiwa ana kisukari, ingawa katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuugua ugonjwa huo. Hata hivyo anazungumza kwa utulivu: "Daktari, kongosho langu ni zima. Nimeshapimwa damu." Karatasi inamuunga mkono, kwani kiwango cha lipesi ni cha kawaida.

Maabara haikukosea. Kipimo kilichofanyika kilijibu swali ambalo silo lililomleta mgonjwa huyu hospitalini. Hatari iko katika faraja aliyoipata, maana huenda ikamchelewesha kwa miezi ambayo hana.

Kiungo kimoja, kazi mbili

Kongosho ni tezi laini yenye urefu wa takriban sentimita 15, iliyolala nyuma ya mfuko wa chakula. Kazi yake ya kwanza ni kutengeneza vimeng'enya vya chakula: amilesi kwa wanga, lipesi kwa mafuta, na vingine kwa protini. Vimeng'enya hivi hupita katika mrija hadi kwenye utumbo mwembamba. Kazi ya pili ni kutengeneza homoni, hasa insulini na glukagoni, ambazo huingia moja kwa moja katika damu na kudhibiti sukari. Seli za homoni hizo zimekusanyika katika vikundi vidogo viitwavyo visiwa vya Langerhans, kwa jina la Paul Langerhans aliyevieleza mwaka 1869.

Kwa kuwa kazi ni mbili na magonjwa ni mengi, hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoweza kuthibitisha afya ya kongosho zima. Kila kipimo kina swali lake.

Amilesi na lipesi: je, kongosho limejeruhiwa sasa hivi?

Katika hali ya kawaida ni kiasi kidogo tu cha vimeng'enya kinachopatikana katika damu. Kongosho linapopata mchochota wa ghafla, yaani kuvimba kunakotokana na vimeng'enya kuanza kulishambulia kongosho lenyewe, seli hupasuka na vimeng'enya humwagika katika damu. Sababu kuu mbili ni mawe ya nyongo yanayoziba njia, na pombe.

Amilesi hupanda katika saa chache za mwanzo na mara nyingi hurudi katika kiwango cha kawaida baada ya siku 3 hadi 5. Lipesi hubaki juu kwa muda mrefu zaidi, kwa kawaida siku 8 hadi 14. Mgonjwa aliyevumilia maumivu nyumbani kwa siku nne kabla ya kupata usafiri anaweza kufika amilesi yake ikiwa imeshashuka, ilhali lipesi bado inaonyesha kilichotokea. Aidha, amilesi hutoka pia katika tezi za mate, ndiyo maana hupanda kwa mtoto mwenye matumbwitumbwi. Palipo na uwezo wa kupima kimoja tu, lipesi ndiyo bora.

Makubaliano ya kimataifa ya Atlanta, yaliyofanyiwa marekebisho mwaka 2012, yanasema kuwa mchochota wa ghafla hutambuliwa mgonjwa anapotimiza mambo mawili kati ya matatu: maumivu makali ya juu ya tumbo yanayolingana na ugonjwa huu, lipesi au amilesi iliyofikia angalau mara tatu ya kikomo cha juu cha kawaida, na picha inayoonyesha mchochota. Kama kikomo cha maabara ni yuniti 60 kwa lita, basi kiwango kinachotiliwa maanani ni 180 na kuendelea. Lipesi ya 85 kwa mtu asiye na maumivu si mchochota wa kongosho. Figo zilizoshindwa kazi, kuziba kwa utumbo na kidonda cha tumbo kilichotoboka vyote huweza kuipandisha. Amilesi huweza kupanda hata katika mimba iliyotunga nje ya kizazi, dharura ambayo haipaswi kusahaulika mwanamke wa umri wa kuzaa anapoumwa tumbo.

Mambo mawili husahaulika mara kwa mara wodini. Kwanza, ukubwa wa namba haupimi ukali wa ugonjwa: mwenye lipesi ya 2,000 anaweza kupona baada ya siku chache, na mwenye 400 akaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Pili, utambuzi ukishathibitika, kurudia lipesi kila asubuhi hakubadilishi matibabu, na gharama yake huangukia familia.

Ukali na chanzo husomwa kwingine

Ukali husomwa kwa mgonjwa mwenyewe: mapigo ya moyo, upumuaji, shinikizo la damu na kiasi cha mkojo. Maabara husaidia kwa yurea na kreatinini, zinazoonyesha hali ya figo na upungufu wa maji, na kwa hematokriti, ambayo hupanda damu inapokuwa nzito. Kalsiamu ikishuka sana ni ishara mbaya. Kituo kisicho na kipimo cha lipesi hakipaswi kungoja. Mgonjwa aanzishiwe maji ya mshipani na dawa ya maumivu, afuatiliwe kwa karibu, na rufaa iandaliwe.

Chanzo nacho kina vipimo vyake. Kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kikipanda kufikia mara tatu ya kikomo, mawe ya nyongo yashukiwe, na ultrasaundi ya kifuko cha nyongo ifanyike. Mafuta aina ya trigliseridi yakizidi miligramu 1,000 kwa desilita, au takriban milimoli 11 kwa lita, yanaweza kuwa ndiyo chanzo. Tena yanaweza kuifanya amilesi ionekane ya chini kuliko ilivyo. Kalsiamu iliyopanda nayo ni chanzo, ingawa si cha kawaida. Orodha ya dawa za mgonjwa ipitiwe pia, kwa kuwa baadhi, kama valproeti ya kifafa, zinajulikana kusababisha mchochota.

Majibu ya kawaida, kongosho lililochakaa

Katika mchochota sugu, tishu za kongosho hufa kidogo kidogo na nafasi yake kuchukuliwa na makovu. Seli zilizobaki huwa chache kiasi kwamba hazina vimeng'enya vya kutosha kumwagika katika damu. Lipesi basi huwa ya kawaida, au hata ya chini, wakati mgonjwa anakonda, anapata kinyesi chenye mafuta kinachoelea na kunuka sana, na anaumwa kila anapokula. Hapa kinachohitajika ni picha, hasa ya CT, na panapowezekana kipimo cha elastesi katika kinyesi. Ultrasaundi ya kawaida ni msaada, lakini mara nyingi hewa ya utumbo hulificha kongosho.

Sukari: kipimo cha kongosho kinachosahaulika

Wachache hukifikiria kipimo cha sukari kuwa ni cha kongosho, ingawa kinagusa moja kwa moja kazi yake ya pili. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifikia milimoli 7.0 kwa lita, au HbA1c ikifikia asilimia 6.5, na majibu yakathibitishwa, hicho ni kisukari. Katika ukanda wetu ikumbukwe kwamba HbA1c hupotosha kwa mgonjwa wa selimundu, mwenye damu inayovunjika haraka, au aliyeongezewa damu hivi karibuni.

Kisukari kinachoanza baada ya miaka 50 pamoja na kukonda bila sababu kinastahili swali la ziada, kwani mara chache huwa ni dalili ya mapema ya saratani ya kongosho. Kisukari kinachotokana na kongosho lililoharibika pia ni tete: glukagoni hupungua pamoja na insulini, hivyo mgonjwa aliye kwenye insulini hushukwa na sukari kwa urahisi.

CA 19-9 na biashara ya hofu

CA 19-9 hutolewa na baadhi ya maabara katika vifurushi vya kupima mwili mzima. Kikomo chake cha kawaida ni yuniti 37 kwa mililita. Huweza kupanda katika saratani ya kongosho, lakini hupanda vilevile njia ya nyongo inapozibwa na jiwe tu. Zaidi ya hayo, watu wasio na antijeni ya Lewis katika damu hawatengenezi CA 19-9 kabisa, na watu hao ni wengi zaidi miongoni mwa wenye asili ya Afrika. Kipimo hiki humsaidia daktari kufuatilia mgonjwa ambaye saratani yake imeshathibitishwa. Kwa mtu asiye na dalili, kinaweza kumtia hofu bure au kumpa amani isiyo na msingi.

Kabla ya kutoka na karatasi

Mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali matatu: kipimo hiki kinatafuta nini? Majibu yakiwa ya kawaida, ni ugonjwa gani ambao bado haujaondolewa? Dalili zikiendelea, nirudi lini? Macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, kukonda bila sababu, au maumivu makali ya tumbo yenye kutapika mfululizo ni sababu za kurudi mara moja, hata kama karatasi inasema kila kitu ni sawa.

Mwanamume wa miaka 56 hahitaji lipesi nyingine. Anahitaji kipimo cha bilirubini, picha ya CT, na rufaa yenye maelezo ya uzito alioupoteza na tarehe kisukari kilipoanza. Huenda picha ikaonyesha mchochota sugu. Huenda ikaonyesha uvimbe ambao bado unaweza kukatwa. Vyovyote iwavyo, jibu litapatikana kwa sababu mhudumu alimsikiliza mgonjwa na kuzitilia maanani dalili zake, ijapokuwa karatasi ya maabara ilikuwa safi.