'Kupiga' gitaa hakutoshi: mkono wa kulia wahitaji vitenzi vyake

JUMAMOSI iliyopita kijana mmoja, jirani yangu hapa mtaani Mowlem, alinijia na gitaa lake. Anajifunza flamenko, muziki wa Andalusia kusini mwa Uhispania, kupitia video za simu. "Prof, rasgeado ni nini kwa Kiswahili?" Nikamjibu upesi: ni namna ya kupiga gitaa. Akacheka. "Na pikado? Si hiyo pia ni kupiga tu?"

Alinipata. Kitenzi 'piga' tumekibebesha mengi: twapiga simu, pasi, hodi, hata magoti. Kwenye gitaa, aghalabu mkono wa kushoto hubana nyuzi. Wa kulia ndio unaosema. Husema kwa njia nyingi.

Katika rasgeado, vidole hufyatuka kimoja baada ya kingine, migongo ya kucha ikipita juu ya nyuzi. Huku ni kukwaruza. Katika pikado, kidole cha shahada na cha kati hupokezana kwenye uzi, mithili ya kuku alaye mtama. Huku ni kudonoa. Na Kihispania chenyewe kilianzia papo hapo, kwani 'picar' ni kudonoa. Golpe nayo ni kugonga ubao wa gitaa kwa kidole ili kutia mdundo.

Ujuzi wa mkono wa kulia si mgeni kwetu. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga, mji uitwao sasa Likasi. Bosco alitumia vidole viwili tu: kidole gumba kikitembeza besi, cha shahada kikidonoa sauti za juu. Ukimsikiliza utadhani magitaa ni mawili. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alivuma kwa mtindo wa omutibo, ambao pia hutegemea vidole hivyo, huku mdundo ukitolewa kwa chupa ya Fanta.

Nilipokuwa mdogo, mjomba wangu alicharaza gitaa kwa mtindo huo. Nilipomwomba anifunze, alisema neno moja tu: "Tazama." Nilitazama. Leo mjomba hayupo, nami nilichobaki nacho ni nusu ya wimbo mmoja. Ujuzi usiokuwa na majina huzikwa na mwenyewe.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Kijana wetu ana majina ya vidole vya Wahispania, ilhali vya babu zake havina. Nasi hatuhitaji kuunda istilahi ngeni. 'Charaza' limo kamusini, kwa maana ya kupiga ala kwa ustadi. Kudonoa, kukwaruza na kugonga twavisema jikoni na uani kila siku. Walimu wa muziki wavichukue tu.

Jana jioni kijana aligonga mlango tena, gitaa begani. "Prof, huo wimbo wa mjomba, nianze kwa kudonoa ama kukwaruza?"

Nikamwambia aanze na kidole gumba.