Cheti cha Usalama Kazini na Neno la Kusimamisha Kazi

Mkoa wa Singida hujulikana na wengi kwa alizeti, vitunguu, kuku wa kienyeji na yale majabali yaliyobebana juu ya ardhi yake kame. Lakini iko habari nyingine ya mkoa huu isiyosimuliwa sana, nayo ni kwamba huko Sekenke, katika wilaya ya Iramba, ndiko ulikofunguliwa mwaka 1909, zama za utawala wa Wajerumani, mgodi wa kwanza wa dhahabu wa nchi hii, na dhahabu yake ndiyo iliyopelekwa Tabora mwaka 1916, wakati vita vilipokwisha kuwafungia Wajerumani njia za bahari, ikafuliwa huko kuwa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Sarafu hizo zingalipo hata leo, na wapendao vitu vya kale huzinunua kwa fedha nyingi. Ama wale walioshuka chini kuichimba dhahabu yenyewe, ni nadra kutajwa.

Miaka zaidi ya mia moja imepita, na ardhi ya Singida ingali inachimbwa. Wilayani Ikungi mgodi mkubwa wa kisasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2023; Londoni na Sambaru wachimbaji wadogo wangali wanashuka kwa kamba katika maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia; Itigi huchimbwa jasi; mjini Singida na pembezoni mwake mashine za kukamua alizeti hunguruma msimu mzima; reli ya kisasa inakatiza Manyoni, na bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika mkoa huu likielekea mashariki. Kila mojawapo ya kazi hizi humhitaji mtu ambaye wafanyakazi wenyewe humwita mtu wa sefti, yaani wa usalama, na vijana waliomaliza kidato cha nne au chuo cha ufundi wameanza kuuliza kama ipo haja ya kutumia akiba ya wazazi wao kuisomea kazi hiyo na kupata hati yake. Jibu langu ni kwamba haja ipo, tena ni kubwa, ila sababu yake imezidi ile itajwayo kila siku.

Yafaa kwanza msomaji aufahamu utaratibu wenyewe. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, tuliyorithi kwa wakoloni, iliwatazama hasa watu wa viwandani; ikaja kuondolewa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, iliyopanua ulinzi huo hata ukafika mahali pa kazi pa kila namna, na msimamizi wake ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, ulioundwa mwaka 2001. Mwajiri anatakiwa aandikishe mahali pake pa kazi, awapime watu wake afya kabla ya kuwaweka kazini na baadaye kwa vipindi, na awe na wawakilishi wa usalama miongoni mwa wafanyakazi. Wakala huo hutoa pia mafunzo: ya wawakilishi hao, ya huduma ya kwanza viwandani, ya kufanya kazi mahali pa juu, na yale ya kitaifa yajulikanayo kwa kifupi NOSHC, ambayo aghalabu ndiyo mlango wa kwanza wa kijana aitakaye kazi hii. Makampuni ya kigeni huuliza zaidi hati ya NEBOSH, bodi ya mitihani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1979, ambayo cheti chake cha jumla cha kimataifa kina sehemu mbili, mtihani wa kuandika na kazi ya kwenda mahali halisi kutambua hatari zake na kueleza namna ya kuzizuia. Mbele zaidi ziko hati za daraja la juu, kama CSP ya Marekani, isiyopatikana ila kwa mwenye digrii ya chuo kikuu, aliyekwisha kuifanya kazi ya usalama miaka minne na kushinda mtihani, naye kila baada ya miaka mitano hudaiwa athibitishe kwamba hajaacha kujifunza.

Wenye kuwashauri vijana husema: kasome, cheti kitakupa ajira. Neno hilo lina ukweli, kwani mikataba ya miradi mikubwa hudai ithibati ya kila msimamizi wa usalama, na asiye na hati hata barua yake haisomwi. Lakini bomba litakamilika na reli itakamilika, na kijana aliyekwenda kusoma kwa ajili ya mradi mmoja tu atabaki na karatasi mkononi akiulizia mradi mwingine uko wapi. Thamani ya cheti naiona zaidi kule kusikokuwa na mradi wala kambi ya wageni, katika duara la mchimbaji mdogo.

Mchimbaji mzoefu huyajua matimba, yaani magogo na mbao zinazoshikilia kuta za duara, kwa macho na kwa masikio: huona gogo lililopinda, husikia udongo ukimwagika nyuma ya mbao, na moyo wake humwambia kwamba mvua ya usiku imelegeza ukuta. Maarifa hayo ni ya kweli, na hakuna chuo chenye haki ya kuyadharau. Mushkeli ni kwamba anapomwambia mwenye duara, "Bosi, leo tusishuke," neno lake ni la kibarua angojaye mgao wa mawe, ilhali mwenye duara amekwisha kutia fedha zake katika chakula, baruti na mafuta ya jenereta. Basi humwona mwoga au mvivu, na nafasi yake akampa mwingine aliyeketi pale juu akisubiri. Sasa mpe mtu yule yule mafunzo na cheti, mteue kwa maandishi kuwa mwakilishi wa usalama, mpe na daftari la ukaguzi. Macho yake ni yale yale na masikio ni yale yale, lakini anapoandika kwamba saa moja asubuhi aliyakuta matimba ya upande wa kushoto yamepasuka akazuia watu wasishuke, mwenye duara anajua kwamba akilipuuza andiko hilo na watu wakafukiwa, daftari litasomwa mbele ya mkaguzi na pengine mbele ya hakimu. Kilichokuwa shauri la kibarua kimegeuka hoja ya mtu aliyepewa dhamana. Hapo ndipo cheti kinapolipa gharama yake, na hapo hakilipi kwa mshahara wa mwenye kukishika peke yake, bali kwa roho za wenziwe wote walioko chini.

Mwezi Oktoba 2015, huko Nyangarata, wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa ardhini, na watano kati yao wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41, nchi nzima ikastaajabu. Watu walimshukuru Mungu, na ndivyo ilivyowapasa. Lakini kazi ya mtu wa usalama ni ya siku iliyotangulia kufukiwa, siku ambayo hakuna mwandishi wa habari aliyekuwepo, na ambayo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hapana angeweza kuwarudisha watu nyumbani wakiwa wamekosa ujira wa kutwa moja. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa na ya karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, asiadhibiwe kwa kujiondoa. Na sababu ya haki, hasa mbele ya bosi mwenye haraka, huonekana wazi zaidi kwa mtu aliyefundishwa namna ya kuieleza.

Hatari ya kufukiwa angalau hutisha. Iko nyingine isiyotisha, nayo huua wengi zaidi: Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi zao, na kati yao wanaouawa na ajali ni kiasi cha 330,000 tu, waliobaki wote wakiuawa na maradhi. Jambo hili linaihusu Singida moja kwa moja, kwa maana dhahabu yake hukaa katika mishipa ya lile jiwe jeupe liitwalo kwatzi, na kwatzi likichorongwa au likisagwa katika karasha hutoa vumbi la silika, ambalo chembe zake zenye madhara makubwa ni zile ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Chembe hizo hushuka hadi mwisho wa mapafu, nyama ya mapafu ikafanya makovu, na baada ya miaka kadha wa kadha mtu aliyekuwa akipandisha viroba vya mawe bila kutweta hawezi hata kupanda kilima cha kwenda kwake. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Tena hukifungulia mlango kifua kikuu, hata mgonjwa akatibiwa kifua kikuu tu na kurudishwa duarani kule kule kulikomuumiza.

Hapa ndipo elimu inapotofautiana na ujasiri. Asiyefundishwa, akiwa na huruma, atawanunulia watu wake barakoa za kitambaa na kuona amekwisha kutimiza wajibu. Aliyefundishwa anajua kwamba kinga ya kuvaliwa ndiyo ya mwisho katika daraja za kinga, na kwamba kabla yake yapasa kuulizwa kama kazi yenye hatari inaweza kuondolewa, kama njia nyingine yaweza kutumika, kama vumbi laweza kuzuiwa pale pale linapozaliwa, na kama saa za mtu mmoja kukaa penye vumbi zaweza kupunguzwa. Kuchoronga kwa maji hulilaza vumbi kabla halijapaa. Lakini Singida ni nchi ya ukame, na maji ya kuchorongea hushindana na maji ya kunywa, kwa hiyo mtu wa usalama anayestahili cheo chake atakaa na mwenye duara wapige hesabu ya namna ya kuyakinga maji, kuyatuamisha na kuyatumia tena. Atajua pia kwamba jenereta au pampu ya petroli haishushwi duarani hata kwa nusu saa, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayomlaza mtu kabla hajaelewa kwa nini kichwa kinamuuma.

Viwandani kanuni ni hizo hizo kwa sura nyingine. Katika kiwanda cha alizeti hatari ni mkanda usiofunikwa, vazi lililolegea karibu na mhimili unaozunguka, bwela ambalo vali yake ya kupunguza mvuke haijakaguliwa, na rundo la mashudu ambalo, likiwa bado na mafuta na unyevu, hupata joto lenyewe kwa ndani hata likaweza kushika moto. Mashine ya kukamua ikikwama, fundi mwenye haraka hutia mkono. Aliyefundishwa huzima umeme, hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo hukaa mfukoni mwake mpaka amalize. Kufuli ni kitu cha bei ndogo, na ningependa kuliona katika kila kiwanda kutoka Manyoni hadi Iramba.

Sharti nitaje pia habari ya fidia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko maalumu, ambao tangu Julai 2015 hupokea michango ya waajiri, ili mfanyakazi aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, au jamaa zake akifa, wapate haki yao. Lakini dai huhitaji ushahidi: ajali iliripotiwa lini, mtu alikuwa akifanya kazi gani, afya yake ilikuwaje alipoajiriwa. Penye mtu wa usalama mwenye kujua kazi yake kumbukumbu hizo zipo. Pasipokuwa naye, mjane huzunguka na kitambulisho cha marehemu na mashahidi wawili waliokwisha kuhamia machimbo mengine.

Nayasema haya nikijua kwamba vyeti navyo vinaweza kuchafuliwa. Wapo waajiri wanaomwajiri mwenye cheti ili jina lake liwe ukutani siku ya ukaguzi, naye siku nyingine zote wakamfanya karani wa stoo. Na wapo wanaouza karatasi zenye mihuri mizuri kwa watu ambao hawajakanyaga darasa. Huo ni udanganyifu unaohatarisha maisha, na mwajiri ana wajibu wa kuthibitisha kila hati kwa chombo kilichoitoa kabla ya kumkabidhi mtu roho za wenziwe. Iko na ila nyingine, ya lugha: mitihani ya kimataifa hufanywa kwa lugha za kigeni, ilhali duarani watu husemezana kwa Kiswahili, Kinyaturu na Kinyiramba, na mtu aliyefaulu kwa Kiingereza naye akashindwa kumweleza mzee wa Kinyaturu kwa nini asivute sigara karibu na baruti bado hajahitimu, licha ya alama zake. Kijana asiye na fedha nyingi namshauri aanze na mafunzo ya huduma ya kwanza na ya uwakilishi wa usalama, ashike ufundi mmoja wa kweli, kisha NOSHC, na hati za ng'ambo zije baadaye, pengine kwa gharama ya mwajiri.

Mei Mosi ya mwaka 2025 iliadhimishwa kitaifa hapa hapa Singida, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza nyongeza ya asilimia 35.1 kwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Wachimbaji wa Londoni na Sambaru hawamo katika hesabu hiyo, wala hawana mwajiri wa kuwalipia ada ya masomo. Lakini sheria ya madini inazitaka kampuni za uchimbaji ziwe na mpango wa wajibu kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri, na madiwani wa Ikungi na Manyoni, ambao katika mipango ya namna hiyo huzoea kuomba madarasa na zahanati, wangeweza kuomba pia ada ya mtu mmoja kutoka katika kila kikundi cha wachimbaji wenye leseni, mtu atakayechaguliwa na wachimbaji wenyewe, asomeshwe kwa Kiswahili na kurudi na cheti na daftari. Mvua za Singida huanza kiasi cha mwezi Novemba, na kuta za maduara hulegea tangu wiki za mwanzo. Kwa hiyo mafunzo hayo yangepaswa kufanywa Septemba, na ada zake kuingizwa katika bajeti inayoanza Julai.