Uso Wako Ni Bango la Duka: Nilivyotuliza Chunusi Baada ya Kuachana na Kopo la Maajabu

Leo siongelei namna ya kupata wateja. Naongelea uso, maana sisi tunaouza kwa laivu uso ndio bango la duka.

Mimi nauza mitandio na madera. Mzigo natoa Kariakoo, duka langu ni simu na chumba kimoja Mbagala. Nina miaka 26, shule niliishia kidato cha nne, biashara nimejifunza kwa kuungua. Na safari hii niliungua kweli, tena usoni.

Siku moja niko laivu, filta ikagoma. Uso ukatokea kama ulivyo. Mtu wa kwanza kuandika akasema, "Dada mtandio mzuri, ila huo uso umeungua na nini?" Watu kama sitini wanaangalia. Nikacheka, nikageuza kamera nikaonyesha mitandio iliyotundikwa ukutani. Usiku nililia, tusidanganyane.

Chunusi ninazo tangu kidato cha pili, na ngozi yangu ni ile ya kukasirika haraka. Sabuni mpya inawasha, mafuta yenye manukato yananitoa vipele. Nilijaribu limao, dawa ya meno, asali na mdalasini, mpaka sabuni ya mche ya kufulia. Limao liliniunguza nikabaki na weusi miezi. Basi nikapata krimu ya kuchanganya, kopo jeupe halina hata karatasi. Siku ya tano uso laini kama wa mtoto! Mfanyabiashara akiona kitu kinafanya kazi anawaza nini? Nikaanza kukiuza. Nanunua 5,000, nauza 15,000, kwa mwezi makopo 40. Hiyo ni faida ya 400,000, mitandio haijawahi kunipa hela hiyo. Nikaandika kwa herufi kubwa, GARANTII ASILIMIA 100.

Mwezi wa tatu ngozi yangu ikaanza kuwa nyembamba. Jua la saa nne tu linachoma kama pilipili. Vipele vidogo vikanizunguka mdomo. Nikiruka siku mbili bila kupaka, uso unalipuka, nikipaka unatulia. Nikajiambia si unaona, dawa inafanya kazi. Kumbe ndiyo inanishika.

Kilichonizindua ni mteja. Alinunua makopo matatu kwa ajili ya send-off yake. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe likamwishia, na mimi sina mzigo. Akanitumia picha, uso umevimba, mashavu yote vipele. Hakunitukana. Aliandika tu, "Dada, nifanyeje?" Mimi wa garantii asilimia 100 sikuwa na jibu.

Nikaenda hospitali na kopo langu mkononi. Daktari wa ngozi akaniuliza ndani kuna nini. Nikasema sijui. Akaniangalia, akaniuliza, "Unauza kitu usichokijua?" Sikujibu. Akaniambia dalili zangu ni za stiroidi, dawa kama klobetasoli na betamethasoni. Hizo ni dawa halali za magonjwa ya ngozi, zinazotumika kwa muda maalumu na kwa maelekezo. Zinatuliza uvimbe haraka na kung'arisha, ndiyo maana siku ya tano unajiona malaika. Ukizipaka usoni miezi, ngozi inakonda, zinaleta chunusi zake zenyewe, na ukikata ghafla uso unaripuka. Ndiyo maana usiache peke yako kwa hasira, nenda kwa daktari akupangie namna ya kupunguza.

Na sheria je? Vipodozi hapa Tanzania vinasimamiwa na TBS tangu 2019. Zebaki, haidrokwinoni na stiroidi haziruhusiwi kwenye vipodozi. Kopo lisilo na karatasi linaweza kuwa na yoyote kati ya hizo, au zote.

Nilikuwa nimebakiwa na makopo 27, hela yangu 135,000 imekaa pale kwenye boksi. Sikuyauza. Nikawaandikia wote walionunua, mmoja mmoja: usikate ghafla, nenda hospitali na kopo lako, hela yako naanza kurudisha. Wengine walinitukana. Mmoja akasema nimeona wivu wateja wamekuwa wazuri kunizidi. Kodi ya chumba nilichelewa miezi miwili. Yule wa send-off nilianza naye, na nauli ya hospitali juu.

Sasa tuje kwenye ngozi yenyewe, maana najua wengi mnasoma huku mmeshika shavu.

Chunusi haziji kwa sababu wewe ni mchafu. Ngozi inatoa mafuta kupitia vitundu vya vinyweleo. Homoni zikipanda mafuta yanazidi, seli zilizokufa zinaziba kitundu, bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu wanastawi mle ndani, uvimbe unaanza. Kwa hiyo kusugua na dodoki ni kuikasirisha ngozi ambayo tayari ina hasira. Na vidonge vya kusafisha damu achana navyo, damu yako haina uchafu wa kutokea usoni.

Ninachofanya mimi ni kidogo sana. Naosha asubuhi na usiku kwa sabuni laini isiyo na harufu, kwa mikono, maji ya kawaida. Nikitoka jasho kwenye mizunguko ya Kariakoo nasuuza na maji tu. Halafu losheni nyepesi iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu. Mafuta ya nazi tunayapenda sana huku pwani, na mimi nayapenda, ila sasa yanaishia kwenye nywele na wali. Usoni yananiziba.

Dawa niliyopewa baada ya ngozi kutulia ni benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Nilianza siku moja napaka, siku moja napumzika, kiasi cha punje ya choroko kwa uso mzima. Wengi wanaanza na kali, asilimia 10, wanaungua, wanasema dawa mbaya. Onyo moja la kibiashara: hiyo dawa inatoa rangi kwenye nguo. Nimeharibu mitandio miwili ya dukani kwa kuijaribu usoni kabla haijakauka, mmoja ulikuwa na oda tayari. Foronya nyeupe ni lazima. Kuna nyingine inaitwa adapalini, nzuri pia, ila mwenye ujauzito au anayetafuta asiiguse.

Asubuhi krimu ya kuzuia jua, SPF 30 kwenda juu. Wenye ngozi nyeusi tunadhani haituhusu. Weusi unaobaki chunusi ikipona unazidi kukolea ukipigwa jua, na huo ndio unaotukera kuliko chunusi yenyewe.

Kitu kipya jaribu kimoja kimoja. Paka chini ya taya au ndani ya mkono siku kadhaa, ukiona kimya ndipo uende usoni. Na subiri. Wiki ya nne nilitaka kuacha, sikuona kitu. Wiki ya nane nikaona. Madoa yakachukua miezi zaidi. Ukiahidiwa siku saba, kimbia.

Chakula nacho kinachangia, ila si kama tunavyoambiwa. Siku zangu zilikuwa hivi: chai ya maziwa sukari vijiko vitatu na maandazi manne, mchana soda, usiku nafunga oda huku nakula chipsi mayai na soda nyingine. Vitu vinavyopandisha sukari kwenye damu haraka vinaisukuma insulini, na insulini nayo inachochea homoni zinazoongeza mafuta ya ngozi. Mwaka 2007 watafiti Australia walichapisha majaribio waliyowafanyia vijana 43 wa kiume wenye chunusi. Waliokula kwa wiki 12 chakula kisichopandisha sukari haraka, chunusi zao zilipungua kuliko wenzao. Kuna na kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, ambako mwaka 2002 ilichapishwa kwamba watu 1,200 walikaguliwa na haikuonekana hata chunusi moja. Chakula chao ni viazi, magimbi, matunda, samaki na nazi. Nilivyosoma hivyo nikacheka, hicho si chakula cha bibi yangu kabisa? Lakini tusikimbilie, inawezekana na damu ya ukoo wao inasaidia.

Mimi nilihamia kande na maharage, viazi vitamu vya kuchemsha, dagaa, mchicha, parachichi, karanga za kutafuna nikifunga oda. Soda nikaacha. Maziwa, hasa yaliyoondolewa mafuta, yamehusishwa na chunusi kwa baadhi ya watu, basi nikajaribu chai ya rangi mwezi mzima. Kwangu iliniletea tofauti, kwa mdogo wangu hakuna kitu, anakunywa maziwa na uso wake safi. Jipime mwenyewe. Na kande ni bei rahisi kuliko chipsi, hela iliyobaki ndiyo ilinunua krimu ya jua.

Mambo yetu ya kazi sasa. Simu tunayoshika siku nzima, tunahesabia hela, tunaweka shavuni: ifute, au tumia spika za masikioni. Ukitoka kwenye vumbi la maboksi nawa mikono kabla hujajishika uso. Mapambo ya laivu yatoe kabla ya kulala hata kama ni saa nane usiku, nami nimeshalala nayo mara nyingi nikajuta. Usikamue. Vikiwa vikubwa, vinauma na vinaacha mashimo, hiyo si kazi ya krimu za dukani, ni ya daktari.

Kwa mnaouza vipodozi, sitaki kuwafundisha kazi. Mimi siku hizi nikiletewa kitu naomba kuona viambato vyote, tarehe ya mwisho na usajili wa TBS. Muuzaji akisema "hii ni ya asili tu, haina maandishi," namrudishia hapo hapo.

Bado vinanitoka viwili vitatu nikikaribia siku zangu. Laivu nafanya bila filta, na mtu akiuliza namwambia chunusi, tunaendelea na bei.

Yule dada wa send-off alipona, ilimchukua kama miezi mitano. Kwenye sherehe alipakwa mapambo mazito, picha nyingi alizifuta. Mwezi uliopita aliniandikia tena, moyo ukanipasuka nikidhani ni lile kopo. Alikuwa anataka dera la bluu. Akaomba punguzo, nikampa.