Shiva Anayecheza: Sanamu ya Shaba Inasema Nini?



Anayetoka huku Daudi akafika Dar es Salaam na kupita Mtaa wa Kisutu huona mahekalu ya Wahindu, na si ajabu asikie mtu akinong'ona: "Hayo mashetani." Sisi tunaopiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria tungeuliza kwanza sanamu hizo zinasema nini.

Tuchukue iliyo maarufu kuliko zote: Shiva akicheza, aitwaye Nataraja, yaani bwana wa ngoma. Mafundi wa Tamil Nadu, kusini mwa India, waliisubu kwa shaba enzi za wafalme wa Chola, yapata miaka 1,000 iliyopita. Umbo huchongwa kwa nta, hufunikwa udongo, huchomwa hadi nta itiririke nje, kisha shaba iliyoyeyuka humiminwa mahali pake. Udongo huvunjwa, hivyo kila kalibu hutoa sanamu moja tu. (Wahunzi wa Kidatoga, jirani zetu wanaoyeyusha makufuli mabovu wapate bangili, wangeielewa kazi hii upesi kuliko sisi.)

Shiva ana mikono minne. Wa kulia wa juu umeshika kangoma: mdundo wake ni kuumbwa kwa ulimwengu. Wa kushoto wa juu una moto: ulimwengu utateketea. Wa kulia wa chini umeinua kiganja, maana yake usiogope. Wa nne unaonyesha mguu wa kushoto ulioinuliwa, penye kimbilio la mwenye kuabudu. Mguu wa kulia umekanyaga kijitu kilicholala. Hicho ni ujinga, ambao hauuawi, hukandamizwa tu. Duara la miali linalomzunguka ni mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Basi wingi wa mikono si uzimwi. Ni njia ya kuonyesha kazi nyingi za mmoja.

Tamko Nostra Aetate la mwaka 1965 linatufundisha kutoyakataa yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini hizo. Lakini tofauti tusiifiche. Baada ya ibada ya kuitia sanamu pumzi ya uhai, Mhindu huamini mungu yumo. Huiogesha, huivika, huiandalia chakula. Kwetu, Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima ya picha humwendea anayeonyeshwa. Uwepo halisi tunaukiri katika Ekaristi. Tena ngoma ya Shiva huanza upya kila mara, ilhali sisi tunaungama kwamba Neno alitwaa mwili mara moja.

Frateri atakayehubiri juu ya haya asome Hesabu 21 pamoja na 2 Wafalme 18:4. Nyoka yule yule wa shaba, aliyetengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu, alivunjwa na Hezekia kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba.